Taya linauma, jino ni zima

Kila asubuhi naamka taya limekaza, hata kutafuna bugali ni shida. Niling'olewa jino hapa Bukavu, na maumivu yapo bado. Sasa ning'oe lipi?

Usiongeze lingine kwanza, mama. Jino bovu lina dalili zake: linashtuka kwa chai ya moto au maji ya baridi, linapwita usiku, na mara nyingi unaweza kulionyesha kwa kidole kimoja. Msuli wa kutafunia huuma kwa upana, shavuni, kwenye panja, mbele ya sikio, na huzidi unapotafuna au kupiga miayo. Tatizo ni kwamba maumivu yake huweza kusikika kwenye jino la nyuma lisilo na ugonjwa, ndiyo maana watu hung'olewa meno yasiyo na kosa.

Weka vidole chini kidogo ya mfupa wa shavu, kisha uma meno. Kinachotuna na kuwa kigumu ndicho msuli wa kutafunia. Legeza, ubonyeze taratibu. Kama maumivu unayoyajua yanaamka hapo hapo, huenda umempata mhusika. Bado daktari wa meno akuangalie kinywa, maana jino na msuli vinaweza kuuma pamoja. Ninachokataa ni kung'oa kwa kubahatisha.

Msuli umeumizwa na nini? Sikupigwa, sikuanguka.

Umechoshwa, kama mkono uliobeba ndoo kutwa. Meno ya juu na ya chini hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Muda mwingine yanapaswa kuachana. Lakini mama anayepandisha mzigo Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, kamba ikiwa kwenye paji la uso na shingo imekaza, meno yake yameumana toka chini hadi juu. Abiria wa pikipiki anayerushwa na mashimo ya barabara naye ni hivyo hivyo, na mwenye duka anayehesabu madeni. Wengine husaga meno usingizini. Wasiwasi na usingizi mbaya huzidisha, na katika mji wetu hivyo havijawahi kuadimika. Juu yake kuna miwa, mahindi ya kuchoma, chingamu, na kutafuna kucha.

Nifanye mazoezi gani nyumbani?

Wengi hukimbilia mazoezi. Mimi naanza na mkao, kwa sababu ukinyoosha taya dakika tano kisha ukaumana meno mchana kutwa, hujafanya kitu. Midomo ifunge, meno yaachane, ulimi upumzike juu, ncha yake nyuma ya meno ya mbele bila kuyasukuma. Tamka "nnn" polepole, utafika hapo wenyewe. Jiwekee kikumbusho: kila honi ya pikipiki, kagua meno yako. (Hapa Bukavu hutasahau.) Ukiyakuta yamegusana, yaachanishe, pumua, shusha mabega.

Kisha ndiyo mazoezi. Lowesha kitambaa kwa maji ya moto, kikamue, kijaribu kwanza kwenye mkono usije ukaungua, ukiweke shavuni dakika 15. Sugua shavu na panja kwa vidole viwili, kwa mzunguko. Halafu, ulimi ukiwa bado umeshika juu, fungua kinywa mpaka unapotaka kubanduka, ufunge taratibu. Rudia mara 6, na ufanye hivyo mara kadhaa kwa siku. Tumia kioo, kidevu kishuke wima, kisikimbilie upande mmoja. Maumivu yakipungua, weka ngumi chini ya kidevu na ufungue kinywa huku ikikuzuia kidogo, sekunde 5. Maumivu yakichoma, umepitiliza.

Kwa wiki mbili hivi kula bugali laini, sombe (majani ya muhogo), maharagwe yaliyoiva vizuri. Miwa ingoje. Mwayo ukija, bandika ulimi juu ili kinywa kisiachame sana.

Taya linalia "ka" nikifungua kinywa. Ni hatari?

Kama haliumi wala halikwami, liache lilie.

Na dawa?

Parasetamoli au ibuprofeni kwa siku chache, kwa kipimo kilichoandikwa. Mwenye mimba, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asiguse ibuprofeni bila kuuliza. Usitarajie kupona kesho. Nafuu huja kwa wiki, na wengi hupona bila kupasuliwa.

Ni wakati gani niache mazoezi niende hospitali?

Mtu aliyechomwa msumari au kujikata, kisha taya likagoma kufunguka, apelekwe saa hiyo hiyo hata kama kidonda kimeshafunga: inaweza kuwa pepopunda. Uvimbe wenye homa, au kumeza kwa shida, ni dalili za maambukizi, si za uchovu wa msuli. Taya linalouma unapopanda mlima na kutulia ukikaa, hasa kifua kikibana na jasho likikutoka, huenda ni moyo. Aliyevuka miaka 50 akipata maumivu mapya ya panja na macho kuona ukungu, asilale bila kuonana na daktari. Ganzi usoni nayo ichunguzwe. Kwa kawaida vidole vitatu vyako vilivyosimamishwa huingia kati ya meno ya mbele. Visipoingia hata viwili, nenda.