Sanduku la fundi wa redio na njia ya kurudi jana

Wiki mbili baada ya matanga ya mkewe, fundi wa redio wa mtaa wetu hapa Goma alinishika mkono akaniingiza chumba cha nyuma. "Mwalimu, usimwambie mtu." Chini ya meza kulikuwa na sanduku la mbao: nyaya za shaba alizozitoa kwenye mota zilizoungua, sumaku mbili za spika na kichupa cha mafuta aliyouziwa na mganga. Juu ya shaba alikuwa amezungusha kipande cha kitenge cha marehemu, ukingo wake umebabuka pale alipochomelea nyaya. Alitaka kurudi Januari, ampeleke mkewe hospitali mapema.

Mimi nafundisha fizikia, na sikuona cha kucheka. Kwanza nilichomoa waya ukutani, maana mafuta juu ya koili ya moto ndani ya nyumba ya mbao ni kuita msiba wa pili. Kisha nikamsimulia habari za Ronald Mallett.

Huyu ni Mmarekani. Baba yake alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1955, akiwa na miaka 33 tu. Mtoto alikuwa na miaka 10. Baadaye kijana akakutana na hadithi ya H. G. Wells kuhusu mashine ya wakati, akaanza kuunganisha vipuri chakavu nyumbani. Havikumpeleka popote. Akaingia fizikia kwa sababu hiyo moja, na hata alipokuwa profesa Chuo Kikuu cha Connecticut aliificha. Wenzake walidhani anachotafuta ni mashimo meusi tu, yale maeneo ya angani ambayo hata mwanga hautoki.

"Baba yake alifanya kazi gani?" fundi akauliza.

"Alitengeneza televisheni, Papa."

Akavuta kiti, akakaa.

Mwaka 2000 Mallett alichapisha hesabu zake. Einstein alionyesha kwamba mvutano, ule unaotuvuta ardhini, hautoki kwenye uzito peke yake, hata nishati ya mwanga huuzaa. Basi miale ya leza ikizungushwa kwenye duara, huburuta nafasi inayoizunguka, kama mwiko unavyoburuta uji sufuriani. Mburuto ukizidi sana, alisema Mallett, wakati wenyewe ungejikunja kuwa kitanzi. Wanafizikia wengine walikagua wakasema nishati inayotakiwa haipatikani popote, nami naona wana haki.

Lakini kilichokuwa kigumu kumwambia fundi ni kingine. Mashine ya namna hiyo haiwezi kukurudisha nyuma ya siku ilipowashwa. Mallett mwenyewe anakiri hivyo: hata ikifanya kazi, mwaka 1955 umefungwa kwake.

Kwenda mbele ndiko kuna ushahidi. Kadiri unavyopanda juu, wakati hukimbia zaidi, kwa hiyo aliyebaki chini huifikia kesho ya aliye juu akiwa amezeeka kidogo pungufu. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, kilele cha Nyiragongo, volkano yetu, mita 3,470. Saa ya kilele huitangulia yetu kwa takriban nanosekunde 19 kila siku, yaani sehemu 19 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Saa za satelaiti za GPS hutangulia zaidi, mikrosekunde 38 kwa siku, yaani sehemu 38 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Zisiposahihishwa, ramani ya simu yako ingepotoka zaidi ya kilomita 10 kabla ya kesho.

Kuhusu mafuta nilisema wazi: hayasukumi sekunde hata moja, na aliyekuuzia aliona machozi yako akayapangia bei. Hilo liliniuma kuliko kosa lolote la hesabu.

Alinyamaza kitambo. "Kwa hiyo ikiwashwa leo, atakayefiwa kesho ataweza kurudi leo?"

"Kwa hesabu za Mallett, ndiyo. Kama nishati ingepatikana."

Akaanza kukifungua kitenge, mzunguko mmoja mmoja, akakikunja akakitia mfukoni mwa shati. Kichupa alikimwaga nje, juu ya mawe meusi ya volkano. Sanduku hakulitupa. Sasa kila Ijumaa jioni, akishafunga duka, ananikuta na daftari lake mkononi. Tumeanza na vipeo, namba inayozidishwa kwa yenyewe.