Hakuna kwiki kapla ya "nusu inchi"

Karatasi ya mahitaji ya kwiki kapla, vile viungo vya hosi vya kuchomeka na kuchomoa kwa haraka, imekuja tena ikiwa na mstari uleule: "Kwiki kapla nusu inchi, seti 12." Basi. Haisemi ni ya mafuta, maji, hewa au kemikali. Haisemi presha. Haisemi kichwa ni cha aina gani. Muuzaji atatoa chochote chenye hesi (meno ya kufungia) ya nusu inchi, kitafungwa, kitalia "klik", na wote wataondoka wameridhika. Kisha mota ya haidroliki inazunguka kwa kusuasua na lawama anabebeshwa pampu.

Nusu inchi ni hesi. Ni mgongo wa kapla, ule unaofungwa kwenye hosi au vali mara moja ukasahauliwa. Kapla yenyewe ni ule upande wa mbele unaochomeka na kuchomoka, na hesi haikuambii lolote kuuhusu.

Chukua kapla za hewa za muundo wa Kijapani wa Nitto, pamoja na nakala zake zilizojaa madukani: SM, SH, PM, PF na kadhalika. S ni soketi, P ni plagi. M ni hesi dume, F hesi jike, H ni kishina cha kuingizia mpira. Namba 20 ni robo inchi, 30 ni 3/8, 40 ni nusu inchi. Sasa chomeka plagi ya 20 kwenye soketi ya 40. Inaingia, tena vizuri, kwa sababu kichwa ni kilekile. Aliyenunua 40 ili "apate hewa nyingi" amenunua mgongo mnene, lakini tundu la mbele ni sawa na la jirani yake mwenye robo inchi. Kapla za makucha za kompresa za barabarani nazo ni vivyo hivyo: kuanzia robo inchi hadi inchi moja, kichwa cha makucha mawili ni kimoja.

Hesabu haihitaji chuo. Kapla ya hewa ya Ulaya inayoitwa 7.2 ina tundu la takriban mm 7.2, yaani eneo la kama mm² 41. Hosi ya nusu inchi ina mm 12.7, eneo la kama mm² 127. Umevuta hosi nene mita 20 kisha mwishoni ukaibana hadi chini ya theluthi. Geji ya ukutani itaonyesha bar 7 na wewe utaiamini, kwa sababu hewa ikiwa imetulia haipotezi presha popote. Funga geji kwenye ti, kiungo cha njia tatu, baada ya kapla, karibu na bunduki ya kufungulia nati, kisha bonyeza kitufe. Ukisoma chini ya bar 6.3 wakati bunduki inazunguka, usiifungue bunduki kutafuta ubovu.

Kwenye haidroliki mambo ni mazito zaidi, na hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Namba ya kuuliza ni Kv: mita za ujazo za maji kwa saa zinazopita kapla ikipoteza bar 1. Tuseme kapla ina Kv 2.7. Hiyo ni lita 45 kwa dakika kwa bar 1. Pitisha lita 90, na upotevu hauwi bar 2, unakuwa bar 4, kwa sababu unapanda kwa mraba wa mtiririko. Pitisha lita 135, ni bar 9. Mafuta ni mepesi kidogo kuliko maji, hivyo kwa upande huo yanakupunguzia, lakini asubuhi yakiwa baridi na mazito yanakurudishia deni lote na zaidi. Isitoshe Kv ya katalogi imepimwa kwenye kapla mpya, safi, kwenye benchi. Ile iliyokaa mwaka mzima kwenye vumbi haina Kv iliyoandikwa popote, ndiyo maana mimi huacha nafasi ya kutosha na sioni haya kuitwa mwoga.

Watu husema, "Bar 4 kati ya 180 ni nini?" Kwanza, ni joto. Lita 90 mara bar 4, gawa kwa 600, unapata kilowati 0.6 kwa kila kapla. Moja ya kwenda na moja ya kurudi, tayari umeweka pasi ya umeme ndani ya tangi la mafuta na kuiacha inawaka zamu nzima. Pili, inategemea ni laini gani. Kwenye laini ya presha bar 4 utaivumilia. Kwenye laini ya kurudi, hizohizo bar 4 zinakaa mgongoni mwa mota. Kwenye laini ya kufyonza usithubutu hata kidogo: pampu inavuta kwa msaada wa hewa ya angani tu, bar moja isiyotimia, na kapla yenye vali ndani itaila hadi pampu ianze kulia kama inasaga kokoto.

Ila laini ninayoiogopa kuliko zote ni dreni ya mota, ile inayotoa mafuta yanayovuja ndani yake. Hesabu ya Kv itakuambia mtiririko wake ni mdogo, kapla yoyote inatosha. Kweli, ikiwa imechomekwa. Kapla yenye vali pande zote mbili ikisahauliwa kuchomekwa, au ikiingia nusu, dreni imezibwa. Mafuta yanayovuja ndani ya mota hayana pa kwenda, presha inapanda kwenye bodi, na sili ya shafti inatoka. Tumia muungano wa kufunga kwa spana. Ukilazimika kuweka kapla, iwe ya tundu wazi, isiyo na vali, na ukubali kumwaga mafuta kidogo.

Halafu kuna imani nyingine, pacha wa ile ya kwanza: kwamba zote ni "kapla za trekta." Kiwango cha kimataifa ISO 7241 kina mfululizo A na mfululizo B, na A haishikani na B. ISO 16028 ni ya uso bapa, nayo haishikani na yeyote kati yao. Uso bapa hudondosha matone tu ukiichomoa na hufutika kwa kitambaa. Zile za vali ya kichomozo humwaga mafuta na kushika mchanga kwenye kishimo cha mbele. Ukiwa na soketi ya kampuni moja na plagi ya kampuni nyingine, viwango vinasema zitaingiliana zikiwa za mfululizo mmoja na saizi moja. Kwenye benchi zitaingiliana. Chini ya mtikisiko wa mashine, kwa uvumilivu wa vipimo wa watengenezaji wawili, siweki mkono wangu motoni. Pale inapowezekana nabadilisha zote mbili.

Hesi zenyewe kwa haraka: BSP (ya Kiingereza) nusu inchi na NPT (ya Kimarekani) nusu inchi zote zina meno 14 kwa inchi, ndiyo maana zinaanza kuingiana na kukudanganya. Pembe ya jino ni 55° kwa BSP na 60° kwa NPT. Robo inchi ni afadhali, 19 dhidi ya 18, hukwama mapema. Tepu nyeupe haitibu ndoa hii.

Sili nayo huagizwa kwa bei badala ya aina ya mpira wake. NBR kwa mafuta ya madini, hadi karibu 100°C. EPDM kwa maji moto, mvuke, glikoli na mafuta ya breki. Ukiiweka kwenye mafuta ya madini huvimba kama andazi na kapla hairudi tena. FKM hustahimili joto na mafuta vizuri, lakini kwenye mvuke na ketoni usiitegemee. Majedwali ya kemikali hupingana: moja linaandika "nzuri" palepale lingine linapoandika "epuka," kwa sababu nguvu ya kemikali na joto la jaribio havikuwa sawa. Loweka oringi ya akiba kwenye kimiminika chenyewe, kwa joto la kazi, siku kadhaa, kisha pima kwa venia. Alumini na magadi ya sabuni, yaani soda kali, haviishi nyumba moja. Shaba na amonia pia. Pwani, Tanga hadi Lamu, kinachotangulia kufa ni vigololi vya soketi, chumvi huvigandisha.

Mafuta yaliyonaswa kwenye hosi iliyochomolewa juani ni kesi nyingine. Ndani ya chombo kigumu, mafuta hupanda karibu bar 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Hosi hutanuka ikapunguza, lakini haifuti. Kapla ikikataa kuingia, nyundo si jibu. Kugonga vali kunatia kovu kwenye kiti chake na kumwaga chuma kwenye mfumo. Ondoa presha kwa wenzo wa vali kabla hujachomoa, au nunua kapla iliyoundwa kuchomekwa chini ya presha iliyobaki. Kulegeza nati ili "ipumue" ni njia ya kuingiza mafuta ndani ya ngozi ya mkono, na jeraha hilo ni la upasuaji siku hiyohiyo hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Nikiri palipo na haki: kwenye kamloki, kapla zinazofungwa kwa masikio ya pembeni, inchi 2 ni inchi 2 kweli, kichwa na tundu. Lakini hata hapo bado kuna herufi, A hadi F pamoja na DC na DP za vifuniko. C ni jike lenye kishina cha hosi, E ni dume lenye kishina, na aliyeagiza "kamloki mbili za inchi mbili" anaweza kuletewa majike mawili yakitazamana. Na kamloki ya kawaida haina vali. Ukivuta masikio kukiwa na presha, kila kilichomo kinakujia usoni.

Kwa hiyo ule mstari wa "nusu inchi, seti 12" ungeandikwa hivi: kapla uso bapa ISO 16028, saizi 12.5, hesi BSP sambamba jike 1/2, sili NBR, mafuta ya madini hadi 80°C, bar 210, lita 40 kwa dakika, soketi 12, plagi 12, vifuniko vya vumbi 24.

Vifuniko hivyo msivifute ili kupunguza bei.