Ukisaini kwa niaba ya kampuni, uongo ni wa nani?

"Wakili, mimi nilisaini kama mkurugenzi tu." Sentensi hii naisikia mara nyingi, na kwa deni la kawaida mteja huwa sahihi. Tangu kesi ya Salomon ya Uingereza ya mwaka 1897, kampuni ni mtu kisheria, tofauti na wenye nayo. Ikishindwa kulipa, mdai hawezi kuja kukamata gari la mkurugenzi.

Udanganyifu ni jambo jingine, na hapo huwa nawasimulia wateja kesi ya lami. Kampuni ya Oakprime iliwauzia wanunuzi wa Vietnam lami ya Iran. Benki ya Standard Chartered, London, ingelipa mradi mzigo uwe umepakiwa melini kufikia tarehe 25 Oktoba 1993. Mzigo ukachelewa. Mkurugenzi mtendaji akaelewana na wenye meli, hati ya shehena, ambayo huthibitisha mzigo umepakiwa, ikaandikwa tarehe ya nyuma, na benki ikatoa zaidi ya dola milioni 1.1.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimwachia: maneno yalikuwa ya kampuni, si yake. Mwaka 2002 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likaitengua hukumu hiyo, na naamini lilifanya haki. Jaji Hoffmann alieleza kwamba mkurugenzi hakuwajibishwa kwa sababu ya cheo chake, bali kwa sababu yeye ndiye aliyedanganya. Mawakili wengi huhangaika kulifunua pazia la kampuni, yaani kuipita kampuni ili kumfikia aliye nyuma yake, mahali ambapo halihitaji kuguswa kabisa.

Uzembe una hesabu yake. Katika kesi ya Williams ya 1998, mkurugenzi alinusurika kwa kuwa hakuwa amejitwika wajibu binafsi kwa waliotegemea makadirio ya kampuni yake. Lakini anayesema jambo akijua ni uongo, au bila kujali kama ni kweli, haulizwi kama alijitwika chochote.

Kumbuka pia kwamba katika kesi ya lami benki yenyewe haikuwa makini, na bado fidia haikupunguzwa hata senti.

Kenya na Tanzania zilirithi sheria hii ya Kiingereza, kwa hiyo hukumu kama hizo huzingatiwa mahakamani kwetu ingawa haziwafungi majaji wetu. Wasiwasi wangu mkubwa ni kwa wafanyakazi wa chini. Karani anayeambiwa na bosi abadilishe tarehe, akaipeleka hati kwa mteja huku akijua, anaweza kudaiwa yeye mwenyewe, hata kama hana hisa moja katika kampuni.