Kuficha jina la waifai si kuifunga

"Fundi, sasa ifiche." Nimelisikia ombi hili hapa Kisumu, mtaa wa Migosi, nimelisikia mtaa wa Tom Mboya, nimelisikia Mamboleo, na wiki hii nimelisikia tena kwa mzee ambaye ruta yake ilikuwa bado ina admin kama jina la kuingilia na admin kama paswadi kwenye ukurasa wa mipangilio. Hilo la admin halikumsumbua hata kidogo. Alichotaka ni jina lisionekane na wapangaji wa ploti ya pili. Basi leo naandika, nipate mahali pa kuwatumia watu badala ya kubishana nao nikiwa juu ya ngazi.

Ukilificha jina, ruta hainyamazi. Inaendelea kutangaza kwamba ipo, kama mara kumi kila sekunde, ila sehemu ya jina inaachwa tupu. Kisha simu ya binti yako inarudi kutoka shule na kutaka kujiunga. Lazima ilitaje jina, na hulitaja peupe, kwa sababu hatua hiyo hutangulia usimbaji wowote, yaani kabla ujumbe haujafungwa kwa siri. Mwenye laptopu na programu ya bure kama Kismet analisoma bila jasho. Akiwa na haraka, kwenye ruta nyingi anaweza kutuma ujumbe bandia wa kuitoa simu mtandaoni. Simu inajiunga upya, na jina linatoka tena.

Hayo ningeyavumilia. Kinachonikera ni madhara ambayo hakuna anayeyataja. Kwa mtandao wa kawaida, simu inaweza kutega sikio tu: ikisikia jina inalolijua, inaingia. Mtandao uliofichwa haujitaji, kwa hiyo simu inalazimika kuuliza yenyewe, "MamaAchieng_Nyumba4, upo?" Na haijui iko wapi, basi inaweza kuuliza popote: steji ya Kondele, foleni ya hospitali, Kibuye Jumapili katikati ya mitumba. Ni sawa na mtu aliyefuta namba mlangoni pake, kisha akawatuma watoto wapite sokoni wakiiuliza kwa sauti. Simu za siku hizi hubadilisha anwani yao ya redio, ile namba inayoitambulisha simu hewani, ili usifuatwe kwa urahisi. Wewe umeirudishia utambulisho kwa mkono wako. Apple wenyewe wanaonya kuhusu mitandao iliyofichwa, na onyo lao watu huliruka.

Haki yake niipe: kuficha kunasaidia kitu kimoja. Jirani asiyeona jina haji kuomba paswadi. Kama shida yako ni aibu ya kukataa, ficha, lakini usiuite huo usalama.

Sasa paswadi, maana hapa ndipo mlango ulipo. Anayenisihi nifiche jina ndiye huyohuyo anayeniambia, "Weka tu namba yangu ya simu." Omera! Kwanza, ploti nzima inayo namba yako, maana ndiyo unayotumiwa pesa. Pili, hata asiyekujua hahitaji kusimama mlangoni pako akijaribu. Kwenye WPA2, aina ya ulinzi wa waifai iliyoenea, ananasa salamu ambazo simu na ruta hupeana wakati wa kujiunga, anaenda nazo nyumbani, na kukisia huko kwa raha zake. Ruta yako haijui lolote. Namba zote zinazoanza na 07 ni milioni 100. Zinaonekana nyingi, lakini kadi nzuri ya grafiki, ile ya vijana wa gemu, hujaribu paswadi laki kadhaa kwa sekunde. Hesabu mwenyewe, ni dakika chache. Ongeza za 01, bado hajamaliza chai. Mimi nashauri maneno manne au matano yasiyohusiana, ya Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya yakichanganyika, hata bila alama za ajabu ambazo mama atashindwa kuzipata kwenye rimoti ya televisheni. Paswadi ya WPA2 inakubali hadi herufi 63, na watu wanakomea nane kana kwamba wanalipia.

Na jina lenyewe lina kazi: linachanganywa na paswadi kutengeneza ufunguo. Ndiyo maana majina ya kiwandani yanayofanana dunia nzima ni mabaya. Watu wamekwisha kuyatengenezea mapema funguo za paswadi za kawaida. Chagua jina la pekee, lisilo na namba ya nyumba wala ukoo.

Mengine haraka. Badilisha paswadi ya ukurasa wa mipangilio. Zima WPS, ile njia ya kujiunga kwa kitufe au PIN badala ya paswadi: PIN yake ina tarakimu nane, lakini udhaifu uliotangazwa mwaka 2011 unafanya majaribio 11,000 yatoshe. WEP, ulinzi wa zamani kabisa wa waifai, ilivunjwa tangu 2001. Ukiiona, tupa hiyo ruta. Sasisha programu ya ruta.

Kuhusu WPA3, mrithi wa WPA2 iliyotoka 2018, kitabu kitakwambia uiwashe peke yake. Mimi kwa wateja wengi nawasha ile ya mchanganyiko, inayokubali WPA2 na WPA3 pamoja, kwa sababu printa na televisheni za zamani zinagoma, halafu napigiwa simu usiku. Najua kifaa kinachoingia kwa WPA2 bado kinaacha zile salamu za kukisiwa. Silali vizuri juu ya hilo, lakini nalala.

Na je, kuna mtu aliyejifungia Manyatta na kadi ya grafiki akikuwinda wewe? Kusema kweli nashuku. Waifai ninazoziona zikivuja huvuja kwa mdomo, au kwa ile picha ya QR ambayo watoto wanatumiana. Paswadi imo mle ndani kama ilivyo, yeyote anaisoma. Kwa hiyo wageni wape mtandao wa wageni, kisha jaribu ukiwa humo kama ukurasa wa mipangilio unafunguka. Kwenye ruta nyingine za bei rahisi unafunguka.

Kama ulikwisha kuficha, kufichua kwenye ruta hakutoshi. Simu inakumbuka kwamba mtandao ule ulikuwa wa siri na inaweza kuendelea kuuulizia mjini. Badilisha jina, kisha ingia kwenye kila simu, usahaulishe mtandao wa zamani, ujiunge upya kwa kuuchagua kwenye orodha, si kwa kuandika jina mwenyewe. Usisahau ile tableti iliyopasuka kioo.