Bata mwitu wa Malagarasi: yanayosemwa na yalivyo

Muulize mtu wa Kigoma mjini bata mwitu wako wapi, atakunyooshea kidole ziwani. Maji yote yale, wakae wapi kwingine? Lakini Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470 hivi, na sehemu kubwa ya ufuo wake ni mawe yanayoshuka moja kwa moja kilindini. Bata wengi hula kwa kuzamisha kichwa na shingo, mkia ukibaki juu; asipofika chini hapati kitu. Anataka maji ya magotini, yenye mayungiyungi, ndago na tope. Ndiyo maana bata wetu wako ndani kabisa, kwenye vinamasi vya mito Malagarasi na Moyowosi, maziwa ya Sagara na Nyamagoma, hadi mbuga za upande wa Tabora zinazojaa maji wakati wa mvua. Ardhioevu hiyo ya hekta zipatazo 3,250,000 ndiyo ya kwanza Tanzania kuingia katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000.

Wengine husema bata hao ni wageni wa kutoka Ulaya, wanakuja na kuondoka, kwa hiyo utunzaji wao ni kazi ya wenyewe huko. Wageni wapo kweli: wachache huvuka Sahara kila mwaka kukimbia baridi kali ya Ulaya na Asia. Wengi lakini ni Waafrika. Yule mwenye uso mweupe anayepiga mluzi usiku akipita juu ya paa lako hajawahi kuiona Ulaya. Safari yake ni ya kufuata mvua: bwawa likikauka anahama, mbuga ikifurika anarudi. Tukiharibu hapa, hana kwao kwingine.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba bata ni mambo ya maji tu, msitu haumhusu. Chukua bata yule mkubwa ambaye dume lake lina nundu nyeusi juu ya mdomo. Jike hutafuta tundu kwenye mti mkubwa, anaingia, anataga na kuatamia humo. Kuna pia bata mdogo kabisa, mwenye ubavu wa rangi ya kutu na mgongo wa kijani, anayeshinda katikati ya mayungiyungi. Naye hupenda kutaga kwenye tundu la mti. Vifaranga wakishaanguliwa, mama anatoka na kuwaita kutoka chini, nao wanajirusha mmoja baada ya mwingine. Ni wepesi na wana manyoya laini, hivyo wanatua, wanajikung'uta na kumfuata mama majini. Sasa fikiria misitu ya miombo ya Urambo na Kaliua, mkoani Tabora. Tundu la kumtosha bata halipatikani kwenye mti mchanga. Linahitaji mti uliozeeka, uliovunjika tawi na kuoza moyo kwa miaka mingi. Miti hiyo ndiyo inayoishia kwenye tanuri za mkaa na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, au inaangushwa na mrina asali asiye na subira. Kinamasi kinaweza kubaki na maji yake yote na bado bata wakapungua.

Kiangazi, watu hukuta kundi la bata wakubwa wanaokimbia juu ya maji, wanapigapiga mbawa, hawaruki. Wanaugua, husema mmoja. Mwingine anasema wamerogwa. Hawana ugonjwa wala uchawi. Ndege wengi hubadilisha manyoya ya mbawa moja moja. Bata na jamaa zake huyaangusha yote ya kurukia kwa pamoja, kisha hukaa wiki kadhaa bila kuruka mpaka mapya yaote. Ndiyo sababu hukusanyika kwenye maji makubwa, mbali na fisi na mbwa. Ni kipindi ambacho mtu mwenye rungu na mtumbwi anaweza kumaliza kundi zima kwa asubuhi moja. Hapo ndipo husikika ile ya "ndege wa porini hana mwenyewe." Anaye. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai leseni, hata kwa ndege wa kitoweo.

Husemwa pia kwamba bata halowi kwa sababu ya mafuta. Ni kweli bata hupaka manyoya mafuta anayoyatoa kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Lakini kinachozuia maji hasa ni unyoya wenyewe. Uangalie kwa karibu: nyuzi zake zimeshikana kwa vijindoano vidogo sana, na kati yake kuna hewa. Mafuta huufanya unyoya usikauke na kukatika.

Wakulima wa mpunga wana hoja, siwalaumu. Bata wa mluzi hutua usiku kwenye majaruba na kula mbegu iliyomwagwa majini. Ila hula mbegu za magugu pia, na hasara kubwa huwa mwanzoni, kabla mche haujashika. Anayepandikiza miche iliyokomaa hupoteza kidogo kuliko anayemwaga mbegu. Sumu ndiyo isiyofaa kabisa: bata aliyekula punje zenye sumu huokotwa na mtoto na kuishia chunguni.

Nimalizie na bukini mweusi mwenye kipi kwenye bawa, kigumu kama cha jogoo. Watu humdhania ni bata wa kufugwa aliyetoroka, au kitoweo cha bure. Dume linaweza kupita kilo 6, na hakuna ndege wa jamii ya bata aliye mkubwa kuliko yeye Afrika. Kipi chake si cha mapambo. Dume hupigana nacho. Tena nyama yake ina hatari isiyojulikana na wengi: mahali pengine, Gambia ikiwemo, bukini huyu hula mbawakawa wenye kantharidini, sumu inayobaki mwilini mwake bila kumdhuru. Kwa binadamu, miligramu 10 zinatosha kuua, na moto wa jikoni hauiondoi.