Maambukizi ya mfupa kwa watoto: maana, utambuzi na matibabu

Maambukizi ya mfupa, ambayo madaktari huyaita osteomielaitisi, ni hali ya bakteria kuingia ndani ya mfupa, kuzaliana humo na kusababisha usaha. Kwa watoto mara nyingi hakuna kidonda kinachoonekana. Bakteria, hasa Staphylococcus aureus, husafiri na damu hadi karibu na ncha za mifupa mirefu, kama ule wa paja na wa ugoko, ambako damu hupita polepole katika mishipa midogo iliyo kandokando ya gegedu inayorefusha mfupa.

Mtoto hupata homa, huumwa mahali pamoja, huchechemea au hukataa kukanyaga. Mtoto mchanga huenda akaacha tu kuusogeza mguu au mkono, hata bila homa. Kwa kuwa watoto huanguka kila siku, lawama huelekezwa upesi kwenye anguko la juzi, na mtoto akaishia kuchuliwa badala ya kupimwa.

Kinachopotosha wengi ni eksirei ya siku za mwanzo. Mabadiliko ya mfupa kwa kawaida huonekana kwenye picha hiyo baada ya siku 7 hadi 14, kwa hiyo picha safi katika wiki ya kwanza haithibitishi kwamba mfupa ni mzima. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, hubaini tatizo mapema zaidi. Pasipo na mashine hiyo, ultrasaundi yaweza kuonyesha usaha uliojikusanya chini ya utando wa mfupa. Damu ya kuotesha vimelea maabara, ili kijulikane kisababishi, huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, ingawa mtoto aliye mahututi hacheleweshewi dawa. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, huhitaji uangalifu wa pekee, kwani maumivu ya ugonjwa wake hufanana na haya, na kwake bakteria aina ya Salmonella ni kisababishi cha mara kwa mara.

Matibabu huanza kwa antibiotiki ya mshipani, kwa mfano kloksasilini, kisha, hali ikitengemaa, dawa ya kunywa hufuata hadi zitimie takriban wiki 3 hadi 4 kwa mtoto asiye na matatizo mengine. Usaha uliojikusanya huhitaji kutolewa kwa upasuaji. Ugonjwa ukicheleweshwa, kipande cha mfupa hufa, na kwa kuwa damu haikifikii, dawa nayo haikifikii. Ngozi hutoboka na kuvuja usaha kwa miezi, mpaka kipande hicho kiondolewe. Gegedu ya ukuaji ikiharibika, mguu waweza kubaki mfupi au kupinda, ndiyo maana mtoto huendelea kufuatiliwa kliniki hata baada ya kupona.