Je, wajua kwa nini ukumbi uliojaa hukupeleka kwenye bendi mpya?

Kuna matamasha ya muziki yasiyo na uwanja. Hakuna jukwaa moja kubwa ambalo umati husimama mbele yake tangu mchana. Mji wenyewe ndio unaogeuka tamasha: klabu, baa, kanisa, jumba la sinema, hata duka la santuri. Unanunua tiketi moja, unafungwa ukanda mkononi, kisha kwa siku kadhaa unaingia na kutoka popote bendi inapopiga. South by Southwest ya Austin, Texas, ilianza hivyo mwaka 1987 ikiwa na wasanii 177 kwenye majukwaa 15. Miaka ya baadaye ilifikia kupokea wasanii zaidi ya 2,000 kwa msimu. Eurosonic hufanyika Groningen, Uholanzi. Brighton, Uingereza, ina The Great Escape na Hamburg, Ujerumani, ina Reeperbahn Festival, zote tangu 2006.

Wanaohudhuria matamasha haya hurudi na majina ya bendi ambazo wiki moja kabla hawakuwa wamezisikia kabisa. Simu zao zina mamilioni ya nyimbo na hazikuwahi kuwafikisha huko. Kwa nini miguu inafanikiwa pale simu inaposhindwa?

Tuanze na simu yenyewe. Programu ya muziki hukupendekezea wimbo hasa kwa kulinganisha watu: waliosikiliza unachosikiliza wewe, walisikiliza nini kingine? Njia hiyo hufanya kazi vizuri kwa wimbo ambao tayari una wasikilizaji wengi. Bendi iliyotoa wimbo wake wa kwanza mwezi uliopita, ikasikilizwa na marafiki na ndugu tu, haina cha kulinganishwa nacho. Ipo kwenye orodha, ila hakuna njia inayokufikisha kwayo.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika muziki, methali hiyo imewahi kupimwa. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio lililohusisha zaidi ya watu 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Washiriki wa kundi moja waliona majina ya nyimbo na bendi tu, wakasikiliza na kupakua walichopenda. Wengine waligawanywa katika makundi manane yasiyoonana, na ndani ya kila kundi mtu aliona kila wimbo umepakuliwa mara ngapi na waliomtangulia.

Idadi ilipoonekana, mambo mawili yalitokea. Pengo kati ya nyimbo za juu na za chini lilipanuka. Na washindi hawakuwa walewale: wimbo mmoja, ambao kwa ubora ulishika nafasi ya 26 kwa hukumu ya waliosikiliza bila kuona idadi, uliibuka wa kwanza katika kundi moja na wa 40 katika kundi lingine. Nyimbo bora kabisa ziliporomoka kwa nadra, na mbovu kabisa zilishinda kwa nadra. Zilizobaki katikati zilitegemea nani alitangulia kubonyeza.

Matokeo hayo yananigusa sana, maana bendi nyingi nzuri duniani ziko hapo katikati. Hazina kasoro, zilikosa tu watu mia wa kwanza.

Tamasha la mjini nalo lina idadi inayoonekana: foleni mlangoni. Watu wakiona foleni ndefu huamini kuna kitu ndani, wakajiunga. Kama mambo yangeishia hapo, tamasha lingekuwa sawa na chati ya nyimbo. Lakini ukumbi una kuta. Klabu ya watu 200 ikishajaa, bawabu husimamisha watu mlangoni, na kuanzia hapo haingii mtu mpaka mwingine atoke. Kwenye uwanja wa wazi, makumi ya maelfu wanaweza kubanana mbele ya jukwaa lilelile na jina kubwa likameza kila mtu. Mjini, jina kubwa linashiba kwa watu 200 tu. Waliobaki nje hawaendi kulala. Wamekwisha kulipa, usiku bado mchanga, na mlango wa tatu kutoka pale ngoma zinasikika.

Hapo ndipo bendi mpya zinapopatikana, na naamini ndiyo siri kubwa kuliko zote za matamasha haya. Mlango uliofungwa hugawa upya masikio ya mji mzima. Watu 100 waliokataliwa mahali pamoja wanakuwa ndio wale watu mia wa kwanza wa bendi ya jirani.

Jambo la pili ni gharama. Siku za kawaida, kwenda kuiona bendi usiyoijua kunakugharimu kiingilio, nauli na jioni nzima. Wengi wetu hatuthubutu. Hapa fedha imeshatoka mara moja, na kujaribu bendi moja zaidi kunakula muda tu. Ukitoka baada ya nyimbo mbili hakuna anayenuna, kwa kuwa kila mtu anaingia na kutoka.

Bendi nazo zinalijua hilo. Hupewa kama nusu saa, wakati mwingine dakika 40. Hakuna utangulizi mrefu, na hakuna kuuhifadhi wimbo mzuri mpaka mwisho, maana mwisho ukifika huenda nusu ya ukumbi imeshahama. Kupiga kwa ajili ya mtu aliye karibu kuondoka ni shule kali, na ni ya zamani kuliko matamasha haya. Mnamo Agosti 1960 vijana watano kutoka Liverpool, wasiojulikana na mtu pale Hamburg, walianza kupiga katika klabu ya Indra kwenye mtaa wa Große Freiheit, hatua chache kutoka barabara ya Reeperbahn. Walipiga kwa saa nyingi kila usiku, wakiwapigania wapita njia waliokuwa na klabu nyingine tele za kuchagua. Indra iliposimamisha muziki kwa sababu ya malalamiko ya kelele, walihamia Kaiserkeller mtaani humohumo. Walikuwa The Beatles. Leo Reeperbahn Festival huziweka bendi changa katika mitaa hiyohiyo.

Kisha kuna chumba chenyewe. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Ukiwa uwanjani, mita 100 kutoka jukwaani, unaiona fimbo ya mpiga ngoma ikitua karibu theluthi moja ya sekunde kabla mlio wake haujakufikia. Ndani ya klabu, ukiwa mita tano tu, tofauti hiyo ni ndogo mno kuigundua: mkono na mlio ni kitu kimoja. Ngoma mara nyingi hazihitaji hata maikrofoni. Besi unaisikia kifuani. Unamwona mpiga gitaa akimtazama mwenzake kabla ya kubadilisha mdundo, na ghafla wimbo ambao kwenye spika za simu ungeuruka baada ya sekunde kumi unaeleweka. Muziki mgeni huhitaji kusikika mara kadhaa ndipo uzoeleke. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba vitu huanza kutupendeza kwa kuvikuta tena na tena tu. Ukiwa ndani ya chumba kidogo na wanaoupiga, unaupa muziki huo subira ambayo usingeupa ukiwa peke yako na simu.

Bendi zenyewe hujitokeza kwa wingi kwa sababu kati ya wasikilizaji wamo mapromota, mawakala na watu wa redio. Eurosonic hufanyika Januari, baridi ikiwa kali, na wakati huo una maana yake: ndio msimu ambao waandaaji wa matamasha ya kiangazi wanapanga nani watamwalika. Tangu 2003 kuna mpango maalumu wa kusaidia bendi za Ulaya zinazong'ara pale zialikwe kwenye matamasha ya nchi nyingine. Dakika 30 za Januari zinaweza kujaza Julai nzima.

Malipo ya usiku wenyewe ni madogo. Mpaka mwaka 2023 bendi ya Marekani iliyopiga kwenye onyesho rasmi la South by Southwest ingeweza kupata dola 250 kwa wanamuziki wote, na kiwango hicho kilipandishwa baada ya wanamuziki kudai. Gawanya kwa watu wanne, toa mafuta ya gari. Kwa hiyo ukiipenda bendi, pita kwenye meza yao pembeni ya ukumbi ununue santuri au fulana. Fedha hiyo ndiyo mafuta ya safari ya kesho yake, na mara nyingi anayekuuzia ni mwimbaji mwenyewe.

Kama utakwenda, usipange ratiba yako kwa majina makubwa. Chagua mtaa ambao kumbi tatu au nne zinafikiana kwa miguu, uweke kambi hapo. Fika mapema: bendi za mchana hupiga mbele ya watu wachache, na mlango uko wazi. Simama karibu na meza ya fundi mitambo, kwa kuwa sauti anaitengeneza kwa jinsi anavyoisikia pale alipo. Jina likikuvutia liandike papo hapo. Baada ya bendi ya saba majina huchanganyika.

Na linda masikio. Kumbi ndogo zina kelele nyingi: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa sauti ukumbini usizidi desibeli 100, na hata kiwango hicho ni kikubwa kwa anayezunguka usiku kucha. Sikio lililochoka hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo bendi ya saa sita usiku hukufikia ikiwa imefifia bila kosa lake. Vizibo vya masikio husaidia. Lakini ukihisi bendi ya mwisho ilikuwa butu, angalia ratiba kabla ya kuihukumu. Bendi nyingi hupiga zaidi ya mara moja katika tamasha moja, na huenda kesho saa nane mchana wako kwenye duka la santuri mtaa wa pili.